Kipande cha Mzee Salimu Juu ya Meza

Tarehe kumi na moja Machi mwaka huu, siku ya Jumanne, baada ya sala ya alasiri, tulimzika Mzee Salimu hapa Bungoma. Tulipoteza mtu wa mwisho niliyemfahamu ambaye aliijua reli ya kuingia Kitale kwa miguu yake. Wako wengine wanaoijua kwa ramani. Hao pia wanahitajika, na viatu vyao hudumu.

Mimi nilistaafu mwisho wa mwezi huohuo. Nyinyi mnaobaki kwenye chumba cha mafunzo mliniomba niwaandikie jinsi reli ndogo ya mezani ilivyojengwa, maana kila mgeni anauliza kwa nini haifanani na ile iliyo kwenye picha ya boksi. Nitaeleza. Lakini siwezi kuieleza meza bila kumweleza Mzee Salimu, kwa hivyo mnivumilie. Nilisoma hadi darasa la saba. Mkikuta makosa, yasahihisheni kimyakimya.

Niliingia genge la Kitale, kundi la watengeneza reli, nikiwa kibarua, kijana wa Bumula ambaye alikuwa ameona treni mara chache na hajawahi kujiuliza inakanyaga nini. Mzee Salimu hakuwa mnyapara wetu. Yeye alikuwa mtu wa kabari. Kila asubuhi alitembea kipande chake chote peke yake, nyundo ya mpini mrefu begani na bendera nyekundu kwapani, akigonga kabari moja baada ya nyingine. Kabari ni kile kichuma kinachoibana reli kwenye taruma, na taruma ni lile linalolala chini na kuzibeba reli zote mbili. Ikilegea kabari moja, hakuna anayejua. Zikilegea nyingi, watu wote wanajua, hata wa redioni.

Siku yangu ya kwanza mnyapara alinituma nimfuate.

"Unaitwa nani?" aliniuliza.

"Wafula."

"Wafula wa wapi? Maana hapa mko wengi."

"Wa Bumula."

"Haya, Wafula wa Bumula, sikiliza." Akagonga kabari moja. Akapiga hatua, akagonga nyingine. "Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Umesikia nini?"

"Nyundo."

Alinitazama kwa muda. "Nenda ukale," akasema. Haikuwa hata saa nne.

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza kazini. Baadaye nilikuja kusikia. Kabari iliyokaza hutoa sauti fupi, kama mlango mzuri ukifungwa. Iliyolegea hulia kama sufuria yenye ufa. Ukishazijua sauti hizo mbili huwezi kuzisahau, na utasumbuka maisha yako yote kila unapopita karibu na mtu anayegonga chuma.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutazama reli. Ukiwa umesimama, kila reli imenyooka. Mzee Salimu alikuwa akivua kofia, akipiga magoti, halafu akilaza shavu juu ya reli kabisa, jicho moja limefumbwa. Hapo ndipo alipoona palipobonyea na palipopinda. Alituonyesha kwa mkono, kushoto, kulia, tosha, nasi tukavuta kwa mitaimbo. Akimaliza alipangusa shavu kwa leso, akaikunja leso vizuri, akairudisha mfukoni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa haraka, hata treni ikiwa inasikika.

Miaka ya katikati sitaiandika sana. Tulifanya kazi. Mzee Salimu alistaafu, akarudi Bungoma katika nyumba ya baba yake nyuma ya msikiti. Treni za Kitale zilipungua, halafu zikakoma. Jeki iliteleza ikanipiga goti, nikahamishiwa chumba cha mafunzo Bungoma, kazi yangu ikawa kutunza vifaa na kuwaonyesha wanafunzi namna ya kushika mtaimbo bila kujivunja meno. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilikuwa nikipita kumsalimia. Alikuwa akiishi na binti yake Zubeda, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali.

Ni katika Ijumaa hizo nilipoona macho yake yanaondoka. Ilikuwa presha ya macho.

"Naona kama niko ndani ya bomba," aliniambia. "Mbele naona, kandokando hakuna kitu. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba." Halafu akaniuliza, "Kipande changu kikoje?"

Mzee Salimu hakupenda kudanganywa, nami sikuwahi kujifunza vizuri kazi hiyo. Nikamwambia nyasi zimeota hadi kiunoni. Mahali pengine watu wamepanda mahindi katikati ya reli. Mataruma mengine hayapo, na nimeona banda la kuku limejengwa kwa mataruma.

"Banda ni imara?"

"Imara sana, mzee."

"Basi ni yetu hayo." Akanigeukia. "Ningependa kukiona kipande changu mara moja, kabla hili bomba halijaziba."

Kumpeleka kule hakungefaa. Mgongo wake haukuweza safari, na hata angefika, angeona mahindi. Nilirudi nyumbani nikiwa sina la kufanya. Kama si boksi, mambo yangeishia hapo.

Boksi lililetwa na Madam Wanjiru, mkuu wetu wa chumba cha mafunzo. Nyinyi mnamjua. Mtu mwema fulani wa ng'ambo alikuwa ametuma treni ndogo na reli zake ili zitumike kufundishia, na Madam akanipa mimi nizipange juu ya meza ndefu iliyo dirishani.

"Naomba iwe mahali pa kuingilia Kitale," nilimwambia.

"Si lazima iwe mahali, Wafula. Si iwe tu reli?"

"Reli tu sijawahi kuiona, Madam. Kila niliyoiona ilikuwa mahali."

Nikamweleza habari za Mzee Salimu na macho yake. Madam ni mtu wa Kitale, babu yake alihamia huko kulima. Alifikiri, akasema sawa, lakini nisisahau maghala ya mahindi, na wageni kutoka Nairobi watakuja mwezi wa tatu kuiona, kwa hivyo itembee.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu mliyoomba.

Ndani ya boksi mlikuwa na reli za aina mbili, kila aina na magurudumu yake. Aina ya kwanza ilikuwa pana, reli zake nene na za kimo kirefu, mataruma yamebanana, kila kitu kinang'aa. Kila aliyepita mezani aliichagua hiyo. Aina ya pili ilikuwa nyembamba, reli fupi, inayonyumbulika kama mjusi. Nilichukua hiyo, nami nitawapa sababu. Reli yetu ya zamani upana wake ni mita moja. Kwa kipimo cha ile treni ndogo, mita moja inakuwa milimita kumi na mbili hivi, na hiyo ndiyo ilikuwa ile nyembamba. Ukiweka pana, treni inakaa kama mtu mfupi aliyeketi kwenye kiti cha askofu.

Kimo cha reli ni muhimu kuliko upana, na watu hawakitazami. Katika boksi mlikuwa na vijisanamu vya watu. Chukua kimoja, kisimamishe kando ya reli. Kando ya ile nene, reli ilimfika nusu ya muundi. Mimi nimeruka reli za Kitale maisha yangu yote na hazikuwahi kunifika hapo. Zilikuwa reli nyepesi, za tawi, za kubeba mahindi. Ukichagua reli ya mezani, usianze na treni. Anza na mtu, mwambie aivuke.

Halafu mataruma. Yale ya boksi yalikuwa ya mfano wa mbao, yamepangwa karibukaribu kama meno ya kitana. Yetu yalikuwa ya chuma, kama hori lililopinduliwa, ncha zimezama ardhini, na yamepangwa kwa nafasi kubwa kwa sababu aliyejenga hakuwa na haraka ya kununua zaidi. Nilikata viunganishi vya plastiki kwa wembe, nikayasogeza, nikayapaka rangi ya kutu. Tumieni wembe mpya. Wa zamani huvunja plastiki, halafu hukata kidole ili usikose kitu. Ubavu wa reli upakeni kutu pia, lakini panguseni juu kabla rangi haijakauka, maana pale gurudumu linapopita chuma hung'aa.

Kokoto za kijivu zilizokuja kwenye mfuko sikuzitumia. Pale kwetu kokoto zilikuwa kidogo, na udongo ulikuwa mwingi. Nilienda Kitale mwenyewe nikaleta udongo, nikauchuja kwa chujio la chai, nikaukaanga jikoni ili wadudu wafe. Mke wangu aliniuliza utaliwa na mboga gani. Gundi nyeupe ya mbao, maji, na tone moja la sabuni ya vyombo, ndipo gundi inazama bila kuukusanya udongo madonge. Nyasi ni kamba ya katani, imekatwa vipande vidogo na kuchemshwa na rangi ya kijani. Ziweke hata katikati ya reli. Wengi huogopa kuweka nyasi katikati ya reli kwa sababu inaonekana kama uzembe. Tawi la Kitale lilikuwa na nyasi katikati hata tulipokuwa tukifanya kazi kwa bidii.

Kona usiikunje kama mpini wa kikombe. Funga kamba kwenye msumari, chora duara kubwa kadiri meza inavyokubali, halafu ongeza kidogo. Na kila baada ya karibu shubiri moja nilikwaruza juu ya reli kwa msumeno wa chuma, ili gurudumu lilie kama linapovuka kiungo. Hilo sikulifanya kwa ajili ya wageni.

Nilipomaliza, Zubeda alimleta baba yake kwa tuktuk. Alikuwa bado anaona kidogo. Alivua kofia, akainama mezani, akatazama muda mrefu. Treni ikapita. Akasikiliza.

"Maashallah," alisema. "Kazi safi. Ni reli ya wapi hii?"

Zubeda alinitazama mimi. Mimi nilitazama ukuta.

"Ni kipande chako, mzee. Hapa ni kuingia Kitale. Yale ni maghala."

"Ahaa." Alisema kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. "Na pale kinamasini?"

"Hapa, mzee." Nikaushika mkono wake nikauweka.

Akalaza shavu, akafumba jicho moja. Akainuka. "Hapana," alisema taratibu. "Hapa pamenyooka." Akapangusa shavu, akakunja leso, na Zubeda akamwongoza mlangoni.

Yaliyopo kinamasini ni haya. Kabla ya kufika Kitale, reli ilipita mahali penye maji chini. Kila msimu wa mvua pale palibonyea. Tuliinua kwa jeki, tukashindilia kokoto kwa sururu, tukatengeneza mtaro, tukaondoka tumeridhika. Mvua ikaja, pakabonyea. Tulishindilia kokoto pale hadi mnyapara akasema lazima zinatokea Uganda. Mzee Salimu alipachukia mahali pale kama mtu anavyomchukia shemeji, yaani alipajua kuliko pengine pote. Alianzia kazi hapo asubuhi na alimalizia hapo.

Na mimi nilipanyoosha. Sikufanya kwa kutojua. Nilipofika pale mikono yenyewe iliweka kadibodi chini ya mataruma, ikasawazisha. Mtu wa genge hawezi kuliacha bonde kwenye reli. Nimefundishwa hivyo na nimewafundisha nyinyi hivyo.

Nilirudi mezani kulitengeneza bonde. Nilitoa kadibodi, nikachimba ubao kwa patasi, nikalaza reli, nikatazama kwa jicho moja. Nikaona aibu. Nikajaza tena. Kesho yake nikachimba, nikajaza. Mwishowe nilimwita Madam Wanjiru.

"Madam, tafadhali bonyeza hapa kabla gundi haijakauka."

"Kwa nini mimi?"

"Mimi nashindwa."

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Akaweka kidole gumba. "Hivi?"

"Zaidi."

"Wafula, si treni itaanguka?"

"Itaanguka polepole."

"Na wageni wanakuja, bana. Watatoka Nairobi kuja kuona treni imeanguka?"

"Naweza kupanyoosha kabla hawajafika," nilisema, "lakini mzee atakuja mara moja tu."

Alibonyeza, na alibonyeza vizuri, akashikilia mpaka gundi ikashika. Alinawa mikono akaenda zake ofisini.

Mara ya pili Mzee Salimu alipokuja, bomba lilikuwa limeziba. Alitofautisha dirisha na ukuta, basi. Zubeda alisema njiani alikuwa amemwambia asubiri apate nafuu, naye akamjibu, "Nafuu ya nini? Ya kuona au ya kwenda?" Walikuwa wamegombana kidogo ndani ya tuktuk, na bado walikuwa wamenuniana.

Sikumwambia lolote. Nilimweka mwanzoni mwa meza. Alilaza shavu kwa mazoea ingawa jicho halikuwa na kazi, halafu akaweka kidole juu ya reli, akaanza kutembea. Kidole kilipita maghala, kikapita kona, kikisimama kidogo kwenye kila kiungo. Kilipofika kinamasini kilishuka. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikashuka tena.

"Wafula."

"Naam, mzee."

"Mbona hapa hamjainua?"

"Tuliinua, mzee. Pamerudi."

"Pamerudi lini?"

"Mvua hizi."

"Mtaro mlizibua?"

"Tulizibua."

"Mlizibua upande wa juu ama mlizibua pale karibu, pa kivivu?"

"Pale karibu," nilisema, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

"Ati karibu!" Akapiga meza kwa kiganja, na mabehewa yakacheza. "Nimewaambia mara ngapi? Maji yanatoka juu! Nyinyi watu wa Bumula mnafikiri maji yanatoka wapi, kwenye kokoto? Kesho asubuhi mapema mlete jeki mbili. Mimi nitakuwa hapa."

"Baba, kesho una kliniki," Zubeda alisema.

"Kliniki ina magurudumu? Itanikimbia? Hapa kuna treni inakuja." Alikuwa amesimama wima, mkono bado juu ya reli, na uso wake ulikuwa wa yule mtu wa kabari aliyekuwa akinitazama asubuhi ile. Zubeda alienda dirishani, akatupa mgongo, akakaa huko muda.

Niliendesha treni. Kila gurudumu liliposhuka kinamasini Mzee Salimu alisema, "Ee," kwa hasira. Alinywa chai vikombe viwili. Walipokuwa wakiondoka alinikumbusha jeki.

Kesho yake nilipita kwao. Alikuwa amepelekwa kliniki, na hakutaja tena jeki. Baada ya hapo homa ilimshika, haikumwachia. Jumanne ile ya maziko Zubeda alinipigia simu mchana, nikavaa koti. Mimi si wa dini yao, lakini walinipa nafasi ya kubeba jeneza mpaka makaburini, na nilitia udongo kama wengine. Udongo wa Bungoma ni tofauti na wa Kitale.

Wageni wa Nairobi walikuja kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa nimemwambia Madam kwamba sasa naweza kupanyoosha, kadibodi ninayo mfukoni. Alisema, "Wacha kwanza." Sikuelewa kama ni wacha ya leo ama ya daima, na sikuuliza.

Wageni walisimama kuzunguka meza. Madam aliwaonyesha maghala, kona na kituo. Niliendesha. Kichwa cha treni kilishuka kinamasini kikapanda. Behewa la kwanza likapita, la pili likapita. La mwisho likainama, likaegemea nyasi za katani, likalala.

"Hapo kuna kasoro," mmoja wa wageni alisema, si kwa ubaya.

"Ndiyo," Madam Wanjiru alijibu. "Ni ya hapo hapo. Kila mvua." Akanigeukia. "Genge!"

Nilizunguka meza. Nililinyanyua behewa kwa vidole viwili, nikaweka magurudumu ya mbele kwenye reli, halafu ya nyuma, nikagusa kuhakikisha yamekaa. Nikarudi nyuma hatua moja, nikainua mkono kumruhusu dereva, ingawa dereva nilikuwa mimi. Nikaenda kwenye swichi, nikaiwasha, na treni ikaingia Kitale.